Herufi ya Kulamba

Sikumbuki kumwona Katekista ameketi. Najua aliketi, maana kila binadamu hula, na suruali yake ilichakaa makalioni kama za watu wengine. Lakini katika kumbukumbu zangu zote yuko wima, anakwenda mahali, na ukitaka kuzungumza naye inabidi uende naye. Kanisani, hata siku ya Pasaka, alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine barazani. Mahubiri yakirefuka, ule wa ndani ulianza kutoka polepole.

Kwa miaka mingi alifundisha darasa la Komunyo ya Kwanza kwenye kigango chetu huko Masama, na darasa hilo ndilo lililokuwa maisha yake. Kahawa, migomba, ng'ombe wawili, hata mke, Mungu amrehemu, vyote vilikuja baada ya Jumamosi asubuhi. Kisha akanyang'anywa darasa kwa sababu ya pipi. Niseme kwa usahihi zaidi: kwa sababu ya pipi na kwa sababu yangu. Nimejaribu mara tatu kuiandika habari hii nikiilaumu pipi peke yake, na mara zote tatu haikusimama.

Pipi yenyewe ilikuwa ya Noeli. Alijifunza kuipika ujanani, jikoni kwa masista Wazungu, na masista walipoondoka alibaki nayo kama wengine walivyobaki na cherehani au gitaa. Ni sukari, maji na matone ya ndimu. Alichemsha mpaka tone likidondoshwa kwenye maji baridi livunjike kwa mlio. Akamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, akasubiri kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha akaanza kuvuta. Alilivuta donge lile likiwa bado la moto, akalikunja, akalivuta tena, akizunguka uani, akipuliza vidole, akitaja watakatifu kwa sauti ambayo haikuwa ya sala. Sukari ikivutwa inameza hewa. Ile rangi ya asali inapotea, inabaki nyeupe kama maziwa.

"Mnaona?" alituambia. "Dhambi haitoki kwa kukaa. Inatoka kwa kuvutwa."

Kipande kidogo alikitia wekundu wa maua ya choya, akasokota nyekundu na nyeupe pamoja, akakata, akapinda ncha ya kila kipande. Hicho ndicho kifimbo. Asubuhi ya Noeli, baada ya misa, kila mtoto wa darasa alikipata kimoja.

Alikipata, lakini hakukila. Tulipanga mstari, na kila mmoja alikishika kifimbo chake mbele ya macho na kutaja maana. Ncha iliyopinda ni fimbo ya mchungaji, kwa kuwa wachungaji ndio waliopewa habari kwanza. Nyeupe ni usafi. Nyekundu ni damu. Ugumu ni mwamba. Masista walikuwa wakitia mnanaa. Yeye hakuupata, akatia tangawizi, akatangaza kwamba ni hisopo.

"Mwalimu, hisopo ni nini?"

"Ni tangawizi ya Wayahudi. Endelea."

Aliyesahau maana moja alirudi mwisho wa mstari huku pipi ikianza kunata kiganjani. "Elewa kwanza, lamba baadaye," ndiyo ilikuwa sheria. Mimi nilirudishwa mara mbili, zote kwa sababu ya mwamba. Ilipofika zamu ya ulimi wangu, kifimbo kilikuwa kimeota manyoya ya sweta. Nimefanya mitihani mingi tangu siku ile, mingine mbele ya maprofesa wenye majoho, na hakuna hata mmoja nilioutaka hivyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya sukari. Kutoka kwetu juu, siku isiyo na ukungu, uliweza kuyaona mashamba ya miwa kule bondeni, kijani na mapana, na sukari yenyewe usiione. Katekista alianza kuikusanya tangu mvua za vuli, kikombe kimoja kwa kila nyumba, akipita kwenye vihamba, yale mashamba yetu yanayozunguka nyumba, na kopo lenye mfuniko. Hakuna aliyemnyima. Mama yangu alikuwa akituwekea chai bila sukari wiki nzima, tukinung'unika, kisha akammiminia yeye kikombe kilichojaa hadi kumwagika. Lakini kwa ulimi hakumsamehe. "Yule mtu," alisema, "akikanyaga mavi ya ng'ombe, kabla hajafuta kiatu atakuwa ameyapatia fumbo."

Ilikuwa kweli. Kila kitu kilichopita mbele yake kilibebeshwa maana. Baiskeli ilikuwa Utatu Mtakatifu: gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, na mnyororo unaotoka kwa yote mawili. Mkorofi mmoja akamuuliza kengele ni nani. Katekista akatembea hatua kama kumi, akarudi. "Kengele ni mimi," akasema. "Napiga kelele, sisukumi kitu." Mfereji wa maji ulioteremka kutoka msituni ulikuwa neema, na watu wa juu waliouziba usiku walikuwa wazushi, pamoja na mjomba wangu.

Nisimfanye mtakatifu, hata yeye angekasirika. Alitufundisha ukimya huku akisema tangu tulipofika mpaka tulipoondoka. Alitukataza kukimbia eneo la kanisa, na yeye mwenyewe alikimbia, koti likipepea, hata pale alipokuwa amewahi. Bei ya kahawa ilipoanguka na watu wakaanza kung'oa mibuni, alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wasing'oe, kwamba subira ni fadhila. Wiki iliyofuata alikuwa ameng'oa nusu ya yake na kupanda nyanya. Mwaka uliofuata aling'oa nyanya, akarudisha mibuni. Ulipomuuliza, alisema, "Nafsi ina radhi, mikono haina." Subira aliiamini kabisa, alishindwa tu kukaa nayo nyumba moja.

Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa za nje, na maduka ya Moshi mjini yakajaa. Sitasahau ule mshangao wa vioo vya maduka: sabuni zenye karatasi za dhahabu, biskuti za makopo, pipi za rangi zisizo za tunda lolote. Mimi nilikuwa Dar, nimemaliza chuo kikuu, nina kazi ya kwanza na maoni juu ya kila jambo. Mwaka mmoja nilirudi kwa Noeli na pakiti ya vifimbo kutoka ng'ambo, vyeupe vyenye mistari myekundu, vimefungwa kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na kikaratasi cha Kiingereza kinachoeleza maana. Nilidhani namletea zawadi.

Katekista alikishika kifimbo cha kiwandani kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa picha ya ndugu asiyemjua. "Kumbe wapo wengine," akasema. "Kumbe masista hawakunidanganya. Nisomee hicho kikaratasi."

Nilimsomea kwa Kiswahili, papo kwa papo, tukitembea. Fimbo ya mchungaji, sawa. Usafi, damu, mwamba, hata hisopo, vyote vilikuwemo. Alikuwa akiitikia kila kimoja kama litania. Mwishoni palikuwa na jambo jipya: ukikigeuza kifimbo juu chini kinakuwa J, herufi ya kwanza ya jina la Yesu. Nikatafsiri, nikaendelea na hatua. Sikuona chochote. Digrii nzima ilipita juu ya neno hilo kama kunguru juu ya shamba lililokwisha kuvunwa.

Asubuhi ya Noeli alisimama mbele ya watoto, akakiinua kifimbo kile cha kigeni, akakigeuza juu chini kwa madaha. "Na sasa kuna maana ya sita! Hii ni J. Herufi ya kwanza ya jina la Yesu!"

Msichana mdogo wa mstari wa mbele akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, Yesu si anaanza na Y?"

Katekista alikitazama kifimbo. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama pembeni na wazazi. "Msomi, hii J ni ya nini?"

"Ni ya Kiingereza, Mwalimu."

"Kwa hiyo Bwana alizaliwa Uingereza?"

Wazazi waliangua kicheko, mama yangu wa kwanza. Yeye hakucheka. Kwake jambo hili lilikuwa zito: watoto walikuwa wamesimama na pipi mkononi, na mwalimu wao amewapa maana isiyosimama. Hakumrudisha mtu mwisho wa mstari siku ile. "Lambeni tu," akasema. Sijawahi kusikia amri ya huzuni zaidi.

Mwaka mzima aliitafuta Y. Alikuwa akija nyumbani, haingii, anamwita mama kutokea kwenye ua wa masale ya mpakani: "Mama, kitu gani kina umbo la Y?" Mama akamjibu mara ya kwanza kwamba ni suruali imeanikwa kichwa chini miguu juu, mara ya pili hakumjibu. Baadaye, siku ya upepo mkali, alikuwa kihambani kwake akitegemeza mgomba ulioelemewa na mkungu. Kwetu mgomba wa namna hiyo huwekewa mti wenye panda, uliogawanyika juu kama vidole viwili, ukaushike pale unapoinama. Alikuwa ameushika mti huo mikononi, akautazama. Mama alisikia ukelele akadhani mtu amejikata panga.

Noeli iliyofuata hapakuwa na kifimbo. Palikuwa na panda: vijiti viwili vya sukari vilivyounganishwa vikiwa moto, vinatengana juu. Vilikuwa vibaya, niseme ukweli. Vingine vilikatika mkono, vingine vilijikunja kama mizizi. Akasimama mbele ya watoto.

"Mgomba ukielemewa na mkungu, utaukata?"

"Hapanaaa!"

"Utautukana?"

"Hapanaaa!"

"Utaufanyaje?"

"Tutauwekea panda!"

"Basi. Hii ni Y. Ni Yesu. Anasimama chini yako, anabeba kile kinachokuangusha, na mkungu unabaki kuwa wako. Elewa kwanza, lamba baadaye."

Mimi nilikuwepo. Na kilichonivutia, Mungu anisamehe, ni wavulana wawili nyuma ya kanisa waliofunga mpira kwenye panda zao na kurushiana mbegu za mibono. Yesu wa manati! Nilikuwa nimeanza kuandika safu kwenye gazeti moja kati ya yale magazeti mapya yaliyochipuka kama uyoga, na nilihitaji kichekesho kila wiki. Nikaandika. Sikutaja jina la mtu wala la kijiji, nikajiona mwungwana. Nilieleza jinsi maana ya pipi ile inavyotungwa: J ya wenzetu, Y yetu, na kwamba hadithi nzima haina mizizi ya kale, labda ilibuniwa na mhubiri au mfanyabiashara wa juzijuzi. Hilo la mwisho nilikuwa nimelisoma mahali, na nadhani ni kweli. Nililitumia kama rungu. Nikamalizia kwamba watoto hawakuelewa chochote. Walipewa Mwokozi, wakaona manati.

Ilikuwa makala nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Watu wa ofisini waliisoma kwa sauti.

Masama waliisoma pia. Padre wetu wakati huo alikuwa kijana aliyetoka seminari karibuni, mtu mwema mwenye hofu moja tu, ya kuchekwa. Alikata ukurasa ule, akamwita Katekista, akaulaza mezani mbele yake. Akamwambia kwamba nyakati zimebadilika, darasa sasa litapewa mwenye cheti, na kwamba anamshukuru. Walionisimulia wanasema Katekista aliusoma wote akiwa amesimama, akaukunja vizuri, akauliza kama anaweza kubaki nao.

Niliporudi nyumbani mara iliyofuata mama hakunigombeza. Aliniwekea machalari, ndizi zetu za nyama, sahani imejaa, akasimama juu yangu. "Kula, mwandishi," akasema.

Nilikwenda kwa Katekista nikaambiwa ametoka. Siku ya pili ametoka. Nilijua kwamba kwa mtu kama yule huenda ni kweli, nikajipa ruhusa ya kuamini. Baadaye nilisikia amemwachia mwanawe kihamba na kuteremka mjini. Kengele ya darasa, alimwambia mama, ilikuwa ikimfikia hadi ndani ya blanketi.

Ikapita miaka. Nilioa, nikaota kitambi, nikaandika makala nyingi nisizozikumbuka. Siku moja, karibu na Noeli, Padre yule yule, sasa ana mvi na kicheko, alinisimamisha nje ya kanisa. Mwalimu wa cheti alikuwa amepata kazi Arusha. Darasa halina mtu.

"Wewe ndiye uliyemtoa," akasema. "Basi wewe umrudishe." Akanipa barua. "Ila mwambie, pipi hapana. Nimekuwa mzee, lakini si mzee kiasi hicho."

Nilimkuta mtaa wa Majengo, Moshi mjini. Alipanga chumba nyuma ya duka la mama mmoja wa Kiislamu, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, ambaye watu wote walimwita Bi Mkubwa. Pale uani palikuwa na jiko la mkaa na sinia lililopakwa mafuta, na Katekista alikuwa akivuta sukari, akizunguka, akipuliza vidole. Alikuwa amekonda. Alipikia duka lile pipi mwaka mzima, za Idd na za Noeli na za siku zisizo na jina.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakusimama. Nikaanza kuzunguka naye.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilisema nilikosa, nilikuwa kijana, nilitaka kuchekesha. Nilisema nilikosea kumwita mtungaji.

"Hapo hukukosea," akasema, akilikunja donge. "Nilitunga. Kila maana ina mtu aliyeisema kwanza, na mara nyingi alikuwa na haraka. Hilo halikuniuma."

"Kumbe nini?"

"Uliandika watoto hawakuelewa." Akavuta. "Walikuwa thelathini na mmoja. Ulimuuliza nani?"

Nilitaka kumtaja mtu. Nikawapitia kichwani, mstari mzima, na sikuwa na uso hata mmoja isipokuwa wale wawili wa manati, ambao nao niliwatazama kwa mbali.

"Sikumuuliza mtu, Mwalimu."

"Aisee," akasema taratibu, kama daktari aliyepata alichokuwa akikihisi. Bi Mkubwa, aliyekuwa kizingitini akisikiliza bila kujificha, akaguna.

Nikampa barua. Aliifuta mikono kwanza. Alipofika mwisho alirudi juu, akaisoma tena.

"Anakurudishia darasa," nikasema.

"Nimeona. Bila pipi."

"Bila pipi."

"Sasa nitawashikisha nini? Maneno matupu, kama ninyi?" Akazunguka jiko mara mbili. Nilipotazama sinia ndipo nikatambua kwamba pipi zilizokuwa tayari zilikuwa vijiti vilivyonyooka, vyeupe, bila mstari wala kupinda. Akaona ninavyoangalia. "Hizo hazina kitu. Nimezinyoosha makusudi. Tangu nilipofika hapa nimekataa kumdanganya mtoto tena. Ni tamu, basi. Mwambie Padre nimezeeka."

Msichana wa miaka saba hivi, ametoka madrasa, mtandio umemteleza shingoni, akaingia uani.

"Babu, shikamoo. Naomba alifu mbili."

"Marahaba. Si alifu. Nimekwambia kila siku, ni vijiti."

"Ndiyo, Babu." Akanyoosha mkono. "Alifu mbili."

"Nani amekwambia ni alifu?"

Msichana alimwonea huruma. Akakichukua kijiti kimoja, akakisimamisha wima mbele ya macho ya Katekista, amuoneshe. "Si hii hapa? Ndiyo herufi ya kwanza. Ukiijua hii, zingine zinafuata." Kisha akailamba, akaondoka akirukaruka.

Bi Mkubwa alikuwa amejiegemeza mlangoni, anacheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Wote hao! Wote wanaziita hivyo. Mimi nilidhani ni wewe umewafundisha, Mwalimu. Nikasema, huyu Mkristo ana roho nzuri!"

"Mimi sikuwafundisha kitu," akasema Katekista. Kwa muda hakwenda popote. Donge la sukari lilianza kuwa gumu mikononi mwake, akalitua kwenye sinia bila kulikata. "Miaka yote ile nilidhani ni mimi ninayewatilia maana."

Akaitia barua ya Padre mfuko wa ndani wa koti. Akamwambia Bi Mkubwa amtunzie sufuria, na kama hatarudi baada ya Noeli, aitumie kwa wali. Bi Mkubwa akasema sufuria iliyopikiwa pipi haipiki wali, aende salama, na awasalimie watu wa mlimani.

"Mwambie Padre nakuja," akaniambia. Kisha akabadili nia. "Usimwambie. Nakwenda mwenyewe. Amekataza pipi tu, watoto hajawakataza."

Alikuwa amekwisha kutoka barabarani, koti likipepea, nami nahangaika na mkoba wangu. Nikamkimbilia. Nilikuwa nahema, yeye alikuwa akiongea bila kugeuka.

"Darasa lina watoto wangapi sasa?"

"Arobaini na kitu," nikasema.

"Na kitu ngapi?"

Nikahamishia mkoba bega la pili. Alinitupia jicho la pembeni, akaongeza mwendo.

"Ona," akasema. "Hukuuliza tena."